Kimashine cha Corinne na Leseni Yangu ya Kuwinda

Kwa Mkuu wa Askari wa Wanyamapori,
Montana.

Ndugu Mkuu,

Habari za kazi na za baridi. Mimi ni Lyle Tollefson, mtu wa heshima, niliyefika Alaska, Kuwait na Las Vegas, na kote huko hakuna aliyenitilia shaka ila askari wako, Bi. Corinne Haugen. Amechukua leseni yangu ya kuwinda. Bila leseni, mimi na jirani yangu mjane, Mama Dorothea, ninayemgawia nyama kila mwaka, tutakula maharage ya kopo hadi theluji iyeyuke. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibali changu kilisema kulungu dume. Nilifika na kulungu kituo cha mafuta, ambako Corinne hukagua wawindaji, na pembe ziko juu yake, pembe nzuri kabisa. Corinne hakuzisifu. Alichovya kijiti kwenye damu, akaitia kwenye kimashine kidogo kama stepla, akakichomeka kwenye kompyuta juu ya boneti yangu kisome vinasaba. Nikamnunulia kahawa. Mchana akasema mbele za watu, "Mzee Lyle, huyu ni jike. Hizo pembe za nani?" Nyama ameniachia niitunze, nisiionje, hadi kesi isikilizwe.

2. Zamani damu ilisafiri hadi maabara ya mbali, majibu yakarudi miezi baadaye. Raia alipata nafasi ya kutafuta maelezo, na ya kula ushahidi. Kwa kasi hii ya sasa nani ataweza kujitetea?

3. Kimashine hakina adabu. Leo damu ya kulungu, kesho supu ya kanisa, keshokutwa kikombe changu, kianze kusema wazee wangu wa Norwe walikuwa akina nani. Mke wangu Verna anajua walikuwa manahodha. Unataka kuvunja ndoa?

4. Kuhusu pembe, zilikuwa zimeomba lifti tu.

Naomba basi vimashine vyote vifungiwe kabatini, na leseni irudi kabla msimu haujaisha.

Msalimie Corinne, sina kinyongo naye. Mama yake ndiye aliyenifundisha dansi. Wasalimie mkeo na wale mbwa wa ofisini. Verna anawasalimu nyote.

Wako mwenye dhamiri safi,
Lyle Tollefson

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nimekuta mwizi kavunja dirisha la banda, kabeba nyama yote ya kwenye friza, fungu la Mama Dorothea likiwemo. Kajikata, kaacha damu kwenye kioo. Naomba umtume Corinne upesi na kile kimashine. Nyama yangu haiwezi kupotea: akipima tu ataijua, ni ya yule jike.