Ayubu wa Pongwe na Lango la Potasiamu

Njoni, wa bara na wa pwani, mwenye kazi aiweke chini na mwenye kikohozi akohoe sasa, msikie habari za Ayubu bin Haji wa Pongwe, mshika funguo, simba wa kiti cha plastiki, aliyelinda geti la sekondari moja pale Usagara miaka kumi na tisa, na siku ya Ijumaa akalifunga mchana kweupe.

Msicheke. Ayubu alilelewa kwa adabu ya kale: mtu akimwomba ruhusa kwa upole, ulimi wake haukuwahi kupata njia ya kusema hapana.

Ijumaa hiyo Madam Ritha, mwalimu wa baiolojia, aliitangaza shule nzima kuwa seli moja ya kongosho. Wanafunzi thelathini wakawa potasiamu, na geti la Ayubu likawa mlango wao. Sukari isipokuwapo, Madam alieleza, potasiamu hutoka polepole na seli hutulia. Sukari ikiingia, huchomwa ikawa nguvu, na nguvu hiyo hulifunga geti. Potasiamu ikizuiwa, umeme wa seli hubadilika, geti la nyuma hufunguka, na kalisiamu huingia kuisukuma insulini nje ikashushe sukari ya damu. Insulini alikuwa Samiha, aliyewekwa kwenye banda la baiskeli tangu asubuhi, amejifunga kanga, amenuna.

Mara mbili somo liliharibika. Sukari iliingia, potasiamu wakaomba ruhusa, Ayubu akawapisha, wakaishia kwa muuza machungwa ya Muheza ng'ambo ya barabara. Mkuu wa Shule akaapa mbele ya walimu: akitoka tena hata mmoja, funguo zitakwenda kwa Wilfred wa bustanini. Ayubu aliumia sana. Miaka kumi na tisa ya utumishi, na Wilfred hata bomba la maji hajui kulifunga!

Ikaja mara ya tatu. Potasiamu wakajipanga, na mbele yao Noa, mtoto wa mchungaji, mwenye ulimi wa asali.

"Shikamoo mzee wetu, mwenye funguo, baba wa malango," akanena Noa. "Hatuji kwa jeuri. Tunaomba ruhusa tutoke, maana kutoka ndiyo kazi yetu, na Madam mwenyewe kaiandika ubaoni."

Ayubu akaitika marahaba, na mkono wake msaliti ukaanza kulivuta geti uwapishe. Hapo ndipo Bi Mwatumu, mpishi wa shule, aliyepewa cheo cha sukari, alipoingia kwa mlango wa jikoni na sinia la vitumbua vya moto, akamtia Ayubu kimoja kinywani, maana sukari lazima ichomwe.

Ayubu akatafuna. Akalitazama sinia, akawatazama watu wanaotaka kuondoka, na jambo ambalo baiolojia ilishindwa kumfunza, mama yake alikuwa amemfunza zamani.

"Wanangu," akasema, "mimi siwafukuzi wala siwakatazi. Lakini chakula kishaletwa, na kwetu Pongwe chakula kikiletwa haondoki mtu. Rudini mkae."

Akalisukuma geti. Likalia kwa kutu, likagoma, likashindwa. Komeo likaingia mahali pake. Potasiamu wakarundikana, geti la nyuma likafunguka kwa kishindo, wanafunzi watatu waliokuwa kalisiamu wakaingia mbio, na Samiha akasukumwa kutoka bandani hadi nje, kupitia mwanya wa ukuta, kiatu kimoja mguuni, akilalamika. Madam Ritha alilia kwa furaha. Mkuu wa Shule alikula vitumbua vinne.

Naye Ayubu akaketi kitini pake, funguo kiunoni, akafungua daftari la geti ambalo halikuwahi kuandikwa ila majina ya wageni, akaandika kwa herufi kubwa, vizazi vijavyo visome: Ijumaa, saa nne na dakika saba. Geti limefungwa. Hakutoka mtu ila insulini.