Kitengo cha Kuitikia Hodi

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba enzi za kuwavamia wanyama zimekwisha. Kuanzia sasa, yeyote anayekuja Hifadhi ya Pwani kupiga kambi au kutazama wanyama atapiga hodi kwa mnyama mhusika, na hatasogea mpaka aitikiwe "karibu". Hodi ya tatu isipojibiwa, arudi alikotoka kwa amani.

Mwongozo mzuri mno. Mkurugenzi aliuandika mwenyewe, akitoka semina ya ustaarabu. Kasoro ilikuwa moja tu, tena ndogo: wanyama hawakuitikia. Ndipo kikaundwa Kitengo cha Kuitikia Hodi, na Mama Karibu akaajiriwa kwa majaribio, akae kichakani na chupa yake ya chai, aitikie kwa niaba yao.

Kazi aliipenda, jamani! Kwa kasa aliitikia taratibu, maana kasa hana haraka. Kwa kaa aliitikia kwa sauti nyembamba ya puani.

"Huyu kaa ana mafua," mgeni mmoja mwenye hema mgongoni alimnong'oneza mumewe.

"Nyamaza, mke wangu. Tumekaribishwa, usianze kumsema mwenyeji."

Lakini majaribio yana mwisho. Siku Mkurugenzi alipokuja kupiga kambi na mkewe na msafara wa manaibu, Mama Karibu alijua leo ama atathibitishwa kazini, ama atarudi kufulia watu nguo.

Mkurugenzi alisimamisha hema ufukweni, akatundika suti, akaenda kuogelea, zipu ya mlango akaiacha wazi. Alirudi na taulo kiunoni, akakuta nyani wameingia. Mmoja, mpana wa kifua, alikuwa amekalia kiti cha kukunja, tai shingoni.

"Watoeni!" akafoka.

Manaibu wakatazamana. Mmoja akakohoa. "Mzee, kwa mujibu wa mwongozo, aliyemo ndani ndiye mwenyeji."

"Hema ni langu!"

"Ndiyo, mzee. Ila umemkuta."

Mkewe alikuwa ameshika mbavu kwa kucheka. "Piga hodi, mume wangu. Sheria ni msumeno."

Mkurugenzi akakaza taulo. "Hodi!"

Kichakani, Mama Karibu alikuwa akimchungulia nyani usoni kwa moyo safi kabisa, kama alivyofundishwa: usiitikie mpaka mhusika aonyeshe kuridhia. Mhusika alikuwa anakula dawa ya meno.

"Hodi!"

"Subira kidogo, mzee," sauti ikatoka kichakani. "Namsoma. Bado amenuna."

Hapo Mkurugenzi akaingiwa na baridi. Hodi ilibaki moja, na nyumbani ni mbali kwa mtu wa taulo. "Mama," akasema kwa upole usiowahi kusikika ofisini, "kazi umeshathibitishwa. Manaibu wote ni mashahidi. Ila hii ya tatu, tafadhali, usiniangushe. Hodi!"

Furaha ikampanda Mama Karibu mpaka kooni. Akaitikia kwa sauti nzito ambayo hata yeye hakujua anayo: "Kaaaribu!"

Nyani akageuza shingo, akamtazama mgeni juu mpaka chini. Mkurugenzi akavua ndara, akainama, akaingia. Kisha akasimama pembeni ya hema lake, mikono yote miwili kwenye taulo, akisubiri aonyeshwe pa kukaa.