Makaburi Marefu ya Nyikani

Leo nimepatikana, jamani. Nimepatikana mchana kweupe, bila viatu, mbele ya mzee ambaye nilikuwa namwomba binti yake. Nimerudi chumbani kwangu hapa Tyseley, huku kwa Waingereza, sasa hivi, matope bado yamo masikioni, nikaona niwaandikie wenzangu wa Tanga kabla sijajitia kusahau.

Zuhura mnamjua kwa barua zangu. (Ndiyo, yule yule. Acheni.) Baba yake, Mzee Haji, ni mtu wa Unguja aliyehamia huku baada ya mapinduzi, anakaa Shard End, na tangu nipeleke posa amekuwa akinitazama kama seremala anavyotazama ubao wenye ufa. Jana akamwambia mshenga wangu: "Kijana wako kesho atoke na mimi. Simpi binti yangu mtu asiyejua mahali pa kuvua viatu." Nikajua huo ndio mtihani.

Basi leo Jumapili tukapanda gari la mzee, mimi, yeye na Zuhura, mpaka nyika moja nje kabisa ya mji. Nimevaa suruali yangu mpya ya bugaluu, pana miguuni. (Hiyo hiyo mnayokatazwa huko.) Nyika ya huku si kama ya kwetu. Hakuna mti. Majani ya kahawia, maji meusi chini ya majani, na ukungu umeketi juu yake. Hata ndege hakuna. Tulitembea, kila mtu anasikia pumzi zake mwenyewe.

Ndipo tukayaona. Matuta. Yamelala sambamba, yameota majani, kila moja limezungushiwa kimfereji. Na si matuta ya viazi, maana hakuna anayelima pale. Marefu! Mimi ningelala juu ya moja nisifike hata robo yake.

"Haya makaburi haya," mzee akanong'ona.

"Ya watu warefu hivi?"

"Kwani kwetu hakuna makaburi marefu ya watu wa kale? Na huku walikuwako watu, yakhe."

Nywele zikanisimama. Kwenye ukungu akatokea Mzungu mmoja na mbwa wake. Mzee akanisukuma: "Muulize. Si wewe ndiye mwenye Kiingereza?" (Nilijisifu, na mshenga akafikisha.) Nikamuuliza yule bwana nani yumo humu. Akasema waliwekwa na watawa, zamani sana, na mpaka leo wamo tele humo chini. Akamalizia na neno "burrow". Mimi nikasikia "bury", yaani kuzika. Akamwita mbwa wake, ukungu ukawameza wote wawili.

"Anasemaje?"

"Wamezikwa na watu wa dini, mzee. Wengi."

"Dini gani?"

"Mungu ndiye ajuaye."

Zuhura amekulia hapa. Kiswahili anakielewa chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Akataka kueleza alichosema yule bwana: "Baba, listen, he said—"

"Nyamaza! Makaburini hapapigwi soga."

Hapo nikaona mlango wa posa umefunguka. Nikavua viatu. Nikavua na soksi, ili mzee aone vizuri. Baridi ikanipanda mpaka kwenye meno. Nikasimama kwenye ncha ya tuta, nikawatolea salamu waliolala, nikainua mikono, nikasoma. Mzee anaitikia amina nyuma yangu, na mimi machozi yakanitoka. (Ya kweli. Nilimkumbuka bibi yangu.)

Halafu chini ya miguu yangu pakagongwa. Dup.

Nikanyamaza. Na chini napo pakanyamaza. Kisha tena: dup, dup. Kutoka ndani, jamani! Ndipo nikaona tundu ubavuni mwa kaburi, jeusi, udongo wake mbichi, kana kwamba kuna aliyetoka asubuhi akarudi.

"Mzee," nikasema, "wanatusikia."

"Soma! Usikatize!"

Nikarudi nyuma kidogo. Ardhi ikadidimia, mguu ukazama hadi gotini, na huko chini kitu cha moto, chenye manyoya, kikanisukuma unyayo.

Nilipiga ukelele nadhani mliusikia huko. "Amenishika! Mzee, marehemu amenishika mguu! Niokoeni, bado sijaoa!"

Mzee akanivuta makwapani huku akisoma kila alichowahi kuhifadhi. Bugaluu ikachanika, nikachomoka, tukaanguka sote, yeye chini mimi juu, kofia yake ikaenda majini. Na kwenye tundu la pili, taratibu kabisa, akatoka marehemu. Masikio mawili marefu. Akatutazama. Akapiga ardhi kwa mguu wa nyuma, dup, akatuonyesha mkia mweupe, akaenda zake.

Zuhura alikuwa amekaa kwenye majani anacheka mpaka anashika mbavu. Alipopata pumzi akasema, kwa Kiswahili, mara ya kwanza kumsikia: "Si maiti! Ni sungura! "Burrow" ni shimo lao! Watawa waliwajengea nyumba humo, wawafuge, wapate kuwala!"

Kabla hamjanihukumu: sungura wetu analala majanini. Nani kati yenu amewahi kumwona sungura mwenye nyumba? Lakini nilijua posa imekwisha. Nimewaombea sungura rehema, kisha nimemlalia mkwe tumboni.

Njia nzima mzee aliendesha na kofia yake iliyolowa mapajani. Niliogopa kuliko kule kwenye tundu, maana Zuhura nampenda, hapo sina utani. Tulipofika Shard End, Zuhura akaingia ndani. Mzee akazima gari, akabaki amekaa.

"Kijana. Viatu ulivua."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi niliitikia amina. Kwa sungura."

"Ndiyo, mzee."

Akaikamua kofia yake dirishani, akaivaa. "Jambo kama hili siwezi kumwachia mtu baki akaondoka nalo. Hili libaki ndani ya familia. Mwambie mshenga aje Ijumaa tupange."

Basi msicheke, na barua hii ichomeni. Mzee akijua mmejua, itabidi awaozeshe nyote, na binti anaye mmoja tu.