Mkono wa Kushoto Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Mpiga solo wetu kahama mji. Kiongozi wa bendi katangaza kuwa Jumamosi atatusikiliza wawili, mimi na Mpole, mpiga gitaa mwenzangu, achague mmoja. Miaka minne napiga gitaa la rithimu nyuma ya spika, hata mama yangu mzazi hajawahi kuniona jukwaani. Nafasi hii ni yangu! Tatizo moja tu: kidole changu kidogo cha kushoto hakifiki kwenye nyuzi za mbali. Kifupi na kikaidi. Mke wangu anasema kimenirithi.

Jumanne, 4 Machi
Nimemwendea shangazi, anayenyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini. Kanionyesha zoezi: nyoosha mkono mbele, vuta vidole nyuma kwa mkono mwingine, hesabu hadi kumi na tano, pumua, achia. Kasisitiza polepole, na kwamba nikisikia maumivu, nimekosea. Polepole! Na Jumamosi hiyo inakuja mbio! Hapo nikapata wazo. Nimempelekea Mpole zoezi zima kama lilivyo, nikamwambia ni siri ya ukoo. Acha apoteze wiki nzima akipumua. Kanishukuru mpaka nikaona aibu. Kidogo.

Jumatano, 5 Machi
Mimi nimeshika njia ya mkato. Nimefunga vidole kwa mkanda kwenye kitasa cha mlango, nikaegemea nyuma kwa uzito wangu wote. Nilikuwa nimehesabu hadi mia na themanini mke wangu aliposukuma mlango kutoka upande wa pili. Nilikwenda chini, mkono ukabaki juu. Akauliza kama nina akili timamu. Nikamjibu kwamba hii ni sanaa, na tafadhali anifungue.

Ijumaa, 7 Machi
Mkono umevimba. Jana niliufunga bendeji. Leo asubuhi nikaikaza, nikaikaza tena. Sasa vidole havisikii kitu! Vya baridi, na rangi siielewi. Nimekwisha. Si solo, si rithimu, hata vifungo vya shati basi. Nimelia, sifichi, gitaa likiwa mapajani. Mke wangu kaenda kumwita shangazi.

Saa nane mchana. Shangazi kaja, kautazama mkono, kanitazama mimi, kafungua bendeji. Kumbe ndiyo iliyokuwa ikininyonga! Damu ikarudi, vidole vikawaka moto, vikacheza vyote vitano. Hakuna kilichovunjika, msuli umevutika tu. Nilimkumbatia shangazi mpaka miwani ikamdondoka. Sijawahi kufurahi hivi maishani.

Jumamosi, 8 Machi
Solo kapewa Mpole. Vidole vyake vilitembea juu ya nyuzi bila haraka wala kukwama, nami nikapiga makofi pajani kwa mkono mmoja. Kisha akatangaza mbele ya bendi nzima kwamba bila zoezi langu asingeweza. Kiongozi kanisifu kwa moyo wa kusaidiana, kasema rithimu itanisubiri mpaka nipone. Nimeshusha pumzi! Nilidhani wananifukuza.

Jumatatu, 10 Machi
Mkono hauumi tena. Shangazi kaniruhusu kuanza zoezi lile lile, mara tatu kwa siku, wiki mbili. Nimepiga hesabu: ni mara arobaini na mbili tu! Nikianza baada ya chai, kufikia chakula cha mchana wiki zote mbili nimezimaliza.