Marmaledi Tuliyopika Tukiwa Tumefunga

Leo nimeaibika. Nimeaibika mpaka Mama Ivy wa mlango wa pili akanionea huruma, na Mama Ivy hajawahi kumwonea mtu huruma tangu ahamie ploti hii. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hivyo mtanisamehe. Au msinisamehe. Leo sina nguvu ya kubembeleza mtu.

Mnajua tangu lile duka la nguo nililokuwa nauza pale Kisii mjini lifungwe, niko tu hapa Nyakoe. Naosha vyombo. Nafagia. Naosha tena vyombo vilevile. Juzi nikakutana na Madam Nyaboke, yule anayesimamia lodge moja ya mjini. Alikuwa mteja wangu wa magauni. Akaniambia wageni wake wamechoka na jemu ya dukani, sasa wanaulizia marmaledi, ile jemu ya machungwa yenye vipande vya maganda ndani.

"Unajua mtu anaweza kunitengenezea?" akauliza.

"Mimi," nikasema.

(Sijawahi kutengeneza marmaledi. Sijawahi hata kuila. Lakini mtu asiye na kazi akiulizwa swali kama hilo, mdomo hujibu wenyewe.)

Akasema atapita kwangu leo Ijumaa, alasiri, aonje. Akiipenda, nitakuwa nikimpelekea kila wiki. Kila wiki! Nilitembea hadi nyumbani nikilia kwa furaha, na mzee mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Machungwa sikuwa nayo. Rafiki yangu Kemunto wa Mosocho anayo, nyuma ya nyumba, yanaanguka mpaka yanaozea kwa nyasi. Tumejuana tangu shule ya msingi. Nikampigia simu, nikamwambia tupike pamoja na biashara iwe yetu sisi wawili.

"Buya mono, vizuri sana, Moraa!" akasema. "Yetu wawili. Mungu amejibu."

Basi leo asubuhi akafika na gunia mgongoni mwa bodaboda. Kabla hata hajaketi akanitangazia mambo mawili. La kwanza, yeye ni Msabato kama mnavyojua, kwa hivyo kufikia jua kuzama lazima awe amemaliza kila kitu na amefika kwake. La pili, kanisani kwao ni wiki ya maombi na amefunga. Hakuna kitu kinapita mdomoni mpaka jioni.

Nami nikamtangazia langu. Mimi ni Mkatoliki, tuko Kwaresima, na mwaka huu nimejinyima sukari.

"Sukari tu?" Kemunto akacheka. "Na chapati unakula?"

"Wewe ni wiki moja," nikamwambia. "Mimi ni siku arobaini."

Tumekuwa hivi tangu utotoni. Akipiga magoti, nami napiga, na yule atakayeinuka kwanza ameshindwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza swali ambalo ninyi nyote mmeshajiuliza: hii marmaledi, nani ataionja?

Tukaanza. Video niliyoitazama kwa simu ilisema maganda yalowekwe usiku kucha. Usiku ulikuwa umeshapita. Tukasema sawa, tutayachemsha tu kwa muda mrefu. Tukakatakata maganda yote, meupe yake na kila kitu (video ilisema yale meupe yapunguzwe, lakini kifurushi cha intaneti kilikwisha hapo hapo). Tukaweka kwenye sufuria yangu kubwa, ile ya sherehe, tukawasha gesi.

Tukachemsha. Tukachemsha. Tukapiga stori za watu wote tunaowajua, tukamaliza, tukarudia. Nikabana ganda moja kwa vidole. Gumu. Tukachemsha tena. Gumu vilevile! Jua nalo likawa linasonga, na Kemunto akawa anachungulia dirishani kila dakika.

Ndipo akapata wazo.

"Moraa, mboga zetu za chinsaga ni chungu kuliko haya maganda. Na ni ngumu. Sisi huzifanya nini?"

"Tunaweka magadi," nikasema.

Tukatazamana. Jamani, wakati ule lilionekana wazo la watu waliosoma. Mgusii gani hana magadi jikoni? Mama yangu alipika chinsaga kwa magadi, nyanya yangu pia, na mboga zikalainika, uchungu ukapungua, watu wakala wakasifu. Ganda la chungwa ni nani hata likatae? Nikachukua mkebe, nikatia kijiko kimoja.

"Hiyo ni ya sufuria ndogo," Kemunto akasema.

Nikatia cha pili. Akaniangalia. Nikatia cha tatu.

Woi! Ile sufuria iliamka! Povu likapanda kama maziwa yaliyosahauliwa, likavuka ukingo, likazima gesi, likashuka kwenye meza, likaingia kwenye viatu vyangu. Mimi nikakimbilia tambara. Kemunto akakimbilia maombi. Alisimama pale mlangoni amefumba macho akikemea, nami niko chini nafuta. (Kati yetu wawili, sakafu ilipanguswa na nani? Muandike hapo.)

Povu likatulia. Nikabana ganda. Laini! Laini kama ndizi iliyoiva! Tukakumbatiana na viatu vyetu vinanata. Tukamwaga sukari, tukawasha gesi tena, tukakoroga kwa zamu.

Sasa rangi. Ile rangi nzuri ya chungwa ikaanza kuondoka. Ikawa kahawia. Halafu kahawia zaidi.

"Ni rangi ya asali," Kemunto akasema.

Ilikuwa rangi ya maji ya kuoshea viatu. Lakini mimi nilikuwa nahitaji kazi, nikaona asali.

"Hebu onja," nikamwambia.

"Nimefunga, Moraa. Onja wewe."

"Hiyo ni sukari. Niko Kwaresima."

"Onja tu kidogo, uteme."

"Tema wewe! Mungu wako haoni ukitema?"

"Wako je?"

Kila mmoja akashika mwiko wake. Ningeweza kuonja. Angeweza kuonja. Lakini yule ambaye angeonja angesikia habari hiyo mpaka siku ya kuzikwa kwake.

Harufu ikamleta Mama Ivy. Akasimama mlangoni na kikombe chake, shingo ndani, miguu nje. "Mnapika nini? Nionje?"

Huyo ndiye malaika tuliyetumiwa, na tukamfukuza. Kemunto alininong'oneza, "Yule akionja tu, kesho anapika yake." Nikakubali. Nikamwambia Mama Ivy ni siri ya biashara. Siri! Nikafunga mlango. Tukapakia kwenye chupa, tukafunga vifuniko, tukazifunga utepe mwekundu. Nikapiga picha nikaweka kwenye status: "Kazi ya mikono yetu. Mungu ni mwema." Wengi wenu mlinipigia makofi pale. Asanteni. Sasa rudisheni.

Madam Nyaboke akafika na gari lake safi na viatu vyeupe. Nyumba ilikuwa bado inanuka, kwa hivyo nikamwekea kiti nje uani, na meza ndogo, kitambaa cha kufuma, mkate, chupa yenye utepe. Pembeni nikaweka sahani ya machungwa yaliyobaki, ili meza ipendeze. Wanawake wote wa ploti wakakumbuka ghafla kwamba wana nguo za kuanua.

Nikapaka mkate. Nikapaka vizuri, nene, kutoka ukingo hadi ukingo, maana kwetu mgeni hapimiwi chakula. Madam akauma kipande kikubwa. Wanawake wakaacha kuanua.

Akatafuna mara moja. Akaacha. Macho yake yakanitazama, yakamtazama Kemunto, yakarudi kwangu. Akatafuna tena taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa wa samaki. Halafu akameza. Yule mama ana adabu ya kutosha ukoo mzima.

"Moraa," akasema kwa upole, "hii mmeweka nini?"

"Machungwa na sukari, Madam."

"Na?"

Nikanyoosha kitambaa cha meza.

"Na magadi," Kemunto akasema. "Moraa ameweka magadi."

Moraa ameweka magadi! Hivyo tu! Nikamgeukia. Akawa anaangalia migomba ya jirani.

"Magadi kwa jemu?" Madam akauliza. "Mlipoonja hamkusikia?"

"Mimi nimefunga," Kemunto akasema.

"Mimi niko Kwaresima," nikasema, na nilipoyasikia maneno hayo yakitoka kwa sauti pale uani, mbele ya ploti nzima, nikatamani ardhi inimeze na kile kitambaa cha kufuma.

Madam akaweka mkate chini. "Kwa hivyo mlikuwa mnaningoja mimi nisiyefunga, niwaonjee?"

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa Mama Ivy. Akaja, akachovya kidole kwenye chupa bila kuomba, akalamba, akatema kwenye maua. "Woi woi! Hii hata sufuria inaweza kuing'arisha!" Ua wote ukavunjika mbavu. Nami nimesimama na kisu cha kupaka mkononi, nikitabasamu. Sijui kwa nini nilikuwa nikitabasamu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Aibu ya kuchekwa mtu huimeza, ikaisha. Lakini Madam alikuwa anatafuta kitu cha kuondoa ile ladha mdomoni. Akachukua chungwa pale kwenye sahani, akamenya, akala kipande. Uso wake ukafunguka. Akala cha pili. Akamaliza chungwa lote.

"Haya ni matamu sana! Ni ya wapi?"

"Ni yetu, Madam," Kemunto akasema. "Ya kwetu Mosocho. Nyuma ya nyumba."

"Uko nayo mengi? Nataka ya juisi ya asubuhi, kila wiki."

Nikamtazama Kemunto. Nilimtazama vile mtu humtazama mwenzake anayeshikilia upande wa pili wa meza nzito. Nilikuwa nangoja aseme neno moja tu. Aseme "tuko wawili." Aseme "huyu ndiye aliyeniita."

"Niko nayo mengi," Kemunto akasema. "Nipe namba, Madam."

Wakapeana namba juu ya meza yangu, kwenye kitambaa changu. Madam akaniaga vizuri, akanishika bega, akaniambia nijaribu tena siku nyingine. Gari likaondoka.

"Moraa, usikasirike," Kemunto akaniambia. "Kila mtu ana baraka zake. Hata wewe zako zinakuja."

"Tuoshe sufuria kwanza, halafu baraka," nikamwambia.

Akaangalia juu. "Jua limeenda. Sabato itanikuta njiani." Akachukua gunia lake tupu, akalikunja vizuri, akapanda bodaboda. Sufuria ya sherehe imeungua chini, nyeusi tititi, na imebaki na mimi.

Nilipobaki peke yangu nikafungua chupa. Nilisema labda walizidisha, labda watu wa mjini wana midomo laini. Nikavunja Kwaresima yangu kwa kijiko kizima. Kwanza unasikia uchungu. Halafu unasikia sabuni. Halafu uchungu unarudi na jamaa zake. Hawakuzidisha. Mama Ivy akaniona nikitema, akaniletea maji bila kusema kitu, akarudi kwake. Hiyo ndiyo huruma niliyowaambia, na iliniuma kuliko kicheko chake.

Muda si mrefu, jua likiwa bado kidogo juu ya mlima, Kemunto amenipigia. Amefika salama. Madam anataka mzigo wa kwanza Jumatatu asubuhi, na machungwa ni mengi, yeye peke yake hataweza kuyachuma. Ameniuliza kama Jumapili nina kazi.

Nilikuwa na maneno mengi sana, mazuri, ya kumkata maini.

Nikamwambia sina kazi.

Kwa hivyo Jumapili baada ya misa nitakuwa Mosocho, juu ya mchungwa wa mwenyewe. Ukipita njia hiyo, nisalimie tu, na tafadhali uchekee mbele ya safari.