Masaa Kumi Kutoka Guangzhou hadi Kasokola

Jumatatu, 8 Julai
Bahati imenifuata yenyewe! Kija anarudi kutoka masomoni Guangzhou, na baba yake, Mzee Ngolo wa Kasokola, anatafuta mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Mzee ana ng'ombe wengi na binti mkubwa, Ng'washi. Namtaka Ng'washi. Kumposa ukiwa mpangaji wa chumba kimoja Shanwe, hapa Mpanda mjini, ni kazi. Ukiwa mwenyekiti ni mazungumzo.
Mpinzani ni Nestori, fundi pikipiki. Hajui lolote la anga. Mimi pia sijapanda ndege, ila nasoma.

Jumanne, 9 Julai
Kikao. Nilisimama, simu mkononi. Guangzhou mpaka Mpanda, kilomita elfu tisa na kitu. Ndege inakata mia tisa kwa saa. Gawanya: masaa kumi. Wazee waliguna kwa heshima.
Mzee Ngolo akauliza kama haisimami popote. Nikamweleza kwa upole: baba, ndege si basi, haishushi watu Sikonge wanunue asali. Nestori akasema si tumpigie Kija mwenyewe tumuulize. Nilicheka mpaka nikakohoa. Abiria anajua nini? Yuko ndani!
Nimepita. Ng'washi alitabasamu. Au jua lilimpiga usoni. Naandika alitabasamu.

Alhamisi, 11 Julai
Ujumbe wa Kija: anaondoka. Nikajumlisha kumi, kesho asubuhi yupo. Nikaagiza maksai achinjwe alfajiri. Mzee alimwangalia sana yule maksai, ndiye anayevuta jembe vizuri kuliko wote. Akaniuliza, mwanangu, una uhakika? Nikamjibu: baba, mia tisa ni mia tisa.
Mwanangu! Nusu mkwe tayari.

Ijumaa, 12 Julai
Saa nne mstari mweupe ulipita angani. Nikapiga kelele: Kija huyo! Kasokola nzima ilipunga vitenge. Bibi yake Kija alipiga vigelegele mpaka akakalishwa. Ndege ikaendelea zake kuelekea Kongo. Nikaeleza kwamba rubani anazunguka kutafuta uwanja, nyie pakueni, wali usipoe. Wakapakua. Watu wale wakianza kula hawana breki.
Mchana picha ikaingia kwenye simu ya Ng'washi. Kija, Addis Ababa, kaketi juu ya begi. Anasubiri ndege ya Dar, halafu ya Mpanda Jumapili. Anaomba tumwekee mbavu.
Mbavu! Hata mkia haupo.

Jumapili, 14 Julai
Kija amefika. Kapokelewa kwa ugali na mlenda. Nestori alimpigia simu akamuuliza atatua saa ngapi. Ujanja wa kitoto! Akaenda uwanjani, Ng'washi nyuma yake kwenye pikipiki. Wakarudi mishikaki, watatu juu ya chombo kimoja, wanacheka. Sijui walikuwa wanacheka nini.
Mzee akaniita. Nikae mbali na boma lake, na baba nikamwite mwingine. Ng'washi akaongeza kuwa nikitaka kumsalimia yeye, nisubiri ile ndege irudi kutoka Kongo.

Jumatatu, 15 Julai
Nimetafakari. Hesabu ilikuwa sahihi, Kija ndiye aliyechelewa. Halafu mzee kasema mbali tu, hakutaja kilomita. Nimepima kwenye simu: chumbani kwangu mpaka bomani kwake, kwa mstari ulionyooka, ni dakika chache kwa baiskeli. Nimemtumia Ng'washi ujumbe abandike chai. Nafika ikiwa ya moto.