Koti la Papa Isidore

Tegeni masikio, enyi watu wa Baraka na wa milima ya Fizi, nanyi wavuvi wa Mboko: nawasimulia jinsi Bertin, simba wa biolojia, mwenye diploma na asiye na kazi, alivyoliteka pindo la koti.

Jumamosi alimfikia mgeni asiyemjua, Mama Gloriose wa kambi ya wakimbizi ya Lusenda, amevaa vumbi la pikipiki kama deraya.

"We ndiye Bertin? Daktari anasema kansa ya titi yangu ni traduction, tafsiri yenye haina muntu wa kuizuia. Basi kama ni tafsiri tu, siendi kupasuliwa Bukavu. Nionyeshe mutafsiri muzuri wa kanisa, anirekebishie maombi."

Bertin akasimama, akahutubia: "Mama! Kila seli iko na mutafsiri wake. Anasoma ujumbe wa jeni, anatengeneza protini. Protini moja ndogo inamushika, asipitishe kipimo. Mu kansa ingine, ule mushikaji amefungwa mikono. Mutafsiri anasema, anasema, seli zinazaana bila breki."

"Hayo ni ya école, ya mu vitabu. Nikiona kwa macho, nitaenda Bukavu."

"Kesho mu kanisa utaona. Naahidi."

Ole wake shujaa! Mtafsiri wa kanisa alikuwa Papa Isidore, fahali wa ulimi, babaye msichana Chérie; na posa ya Bertin kwa Chérie ilikuwa bado haijajibiwa.

Jumapili mhubiri Mrundi akasema, "Imana ni nziza." Isidore akafungua malango ya kinywa: Mungu ni mwema, hata kwa bamama wenye kuchelewa, hata kwa wezi wa mihogo, hata kwa mbuzi wa jirani Placide mwenye kula maua ya kanisa...

Bertin akatambaa kama chui kupita ngoma za kwaya, akashika pindo la koti kwa vidole viwili, akavuta. Isidore akakatika katikati ya mbuzi.

"Vuta tena," akafoka chini chini, "na harusi ya Chérie utaisikia kwa redio!"

Bertin akamtazama Mama Gloriose. Mama akatikisa kichwa: "Sijaona bado."

Moyo ukamvunjika shujaa, mkono haukumvunjika. Akaachia: mafuriko ya maneno. Akavuta: kimya, hata ziwa likasikika.

Mama Gloriose akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. "Yesu! Kumbe ni huyu Papa ndiye ameingia mu titi yangu, na hakuna wa kumuvuta! Naenda, bapasue!"

Andikeni, enyi vizazi: Jumatatu Mama Gloriose alipanda gari la Bukavu, na kapera mmoja mtukufu wa Baraka, mwenye diploma na asiye na kazi wala mchumba, alimbebea mfuko hadi mlangoni.